Simenti ya Baba

Baba yangu ni mwashi, na kijijini kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kidude cha chuma mwishoni ambayo waashi huining'iniza kando ya ukuta waone kama umesimama wima au umelala. Baba aliitia mfukoni kila siku, hata siku za harusi na misiba. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi, macho yake yalikuwa yameshapanda ukutani na kushuka. Siku moja tulialikwa kwa jirani aliyehamia nyumba mpya. Watu wote wanasema hongera, hongera sana, yeye akasema, "Kona ile imekwenda kushoto vidole viwili." Mama alimfinya paja. Akauliza kwa sauti ile ile, "Unanifinya nini, mama watoto? Kwani uongo?"

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelibana kanisa letu pumzi kwa miaka thelathini na saba, bila kujua.

Kanisa lenyewe liko katikati ya kijiji, kwenye mwinuko. Njia inayotoka mtoni hulizunguka kabla ya kuendelea kupanda, kwa hiyo tangu zamani kuna watu wa chini na watu wa juu. Wa chini walisema babu zao ndio waliolijenga. Wa juu walisema babu zao. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Jambo moja tu walikubaliana: kwamba lilijengwa lote kwa mkupuo mmoja, mnara na kila kitu, na fundi mmoja hodari ambaye hakukosea hata jiwe. Baba ni wa chini na Mama ni wa juu, kwa hiyo mimi na ndugu zangu tulilelewa kusikiliza pande zote mbili na kunyamaza.

Baba alipokuwa na miaka thelathini na mmoja, lipu ya zamani ya kanisa, ya chokaa, ilikuwa inabanduka vipande vipande kama magamba ya kidonda. Kamati ya wakati ule ilitaka kitu cha kisasa. Simenti ndiyo ilikuwa habari ya mjini: ngumu, haipauki, haichubuki. Wakampa kazi Baba. Alipiga lipu ya simenti ndani na nje, miezi mitano, kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi za paa, na alipomaliza watu walikuja kuupapasa ukuta kama wanaopapasa shavu la mtoto mchanga. Laini, hauna hata alama ya mwiko.

Mama wakati huo alikuwa binti wa kwaya. Kwaya ilifanya mazoezi huku kazi ikiendelea, na kutoka mahali alipokaa aliweza kuona miguu tu ya fundi juu ya jukwaa. "Nilianza kuipenda miguu," husema mpaka leo. "Uso ulikuja baadaye, nikaukuta hauna ubaya." Mwaka uliofuata walifunga ndoa humo humo. Alikuwa bibi harusi wa kwanza kutoka kanisani bila nguo yake kuchafuka kwa unga wa chokaa, na jambo hilo lilisemwa kijijini miezi mingi kuliko harusi yenyewe.

Miaka kumi ya kwanza haikuwa na neno. Kisha likatokea doa karibu na birika la ubatizo, jeusi, kubwa kiasi cha sinia. Baba akalikwangua, akapiga simenti mpya. Doa likapanda juu. Akaliziba tena. Likatokea upande wa pili wa dirisha. Basi ikawa miaka nenda miaka rudi analifukuza lile doa kama mtu anayefukuza kuku wa jirani: akizuia huku, limeingia kule. Nilipoanza kazi ya ualimu katika shule ya pale pale kijijini, ukuta ulikuwa unalowa hadi kimo cha bega kila msimu wa mvua. Vitabu vya nyimbo viliota ukungu. Watu waliacha kukaa mabenchi ya ukutani, wakawa wanabanana katikati kama wamo ndani ya chombo kinachovuja.

Kila mtu alimkumbusha Baba ule msemo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alichanganya simenti nyingine.

Ndipo akaja padri mpya, kijana, mwenye miwani na subira. Aliandika barua kwa wanaohusika na majengo ya kale, nao baada ya miezi kadhaa wakamtuma mtaalamu. Tulitarajia mzee mwenye tai. Akaja mama mmoja mfupi wa miaka arobaini na kitu, buti nzito, kilemba cha kazi kichwani, na nyundo ndogo kama ya fundi viatu. Padri alikuwa ameniomba nije kuandika atakayoyasema. Baba naye aliitwa kwa sababu ndiye mwenye ngazi ndefu kuliko zote kijijini.

Mtaalamu alipanda. Akawa anagonga ukuta na kutega sikio, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Mahali pengine ukuta ulijibu ko, ko. Mahali pengine ukajibu bu, bu, kama debe lenye kitu ndani. Pale penye bu akachomeka tindo, akabandua kipande cha simenti kikubwa kiasi cha sahani. Nyuma yake maji yalichuruzika. Akaingiza kidole. Jiwe likamtokea kidoleni kama uji wa unga.

Bila kugeuka akasema, "Aliyepaka simenti humu alitaka kuliua kanisa. Bado yuko hai huyo?"

Padri alikohoa. Mimi nilitazama daftari langu.

"Yuko hai," Baba akasema. "Ndiye anayekushikia ngazi."

Yule mama alishuka taratibu, kidato baada ya kidato. Alipofika chini alimtazama Baba usoni, akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Ulimi umenitangulia."

"Usiniombe msamaha. Nieleze."

Wakaketi kwenye benchi, lile ambalo watu hawakuwa wakilikalia, na akamweleza. Kwamba kuta kama hizi hazina kizuizi cha unyevu chini, zinakunywa maji ya ardhini siku zote, na waliozijenga walilijua hilo. Ndiyo maana walizipaka chokaa. Maji yanapanda kidogo, yanatokea kwenye chokaa, yanakauka na hewa, kama jasho linavyopita kwenye shati la pamba. Chokaa inachakaa, ndiyo, inabanduka, lakini kazi yake ni hiyo: ichakae yenyewe ili jiwe lisichakae. Simenti haipitishi. Maji yakishaingia nyuma yake hayana pa kutokea.

"Ni kama kumvika mkulima koti la mvua alime nalo juani," akasema.

"Na nilivyokuwa nikiongeza simenti?"

"Ulikuwa unamwongezea makoti, Mzee."

Baba aliuliza maswali saa nzima. Hakuna aliloliacha: mchanga wa aina gani, chokaa izimwe kwa maji siku ngapi, lipu iwe na unene gani. Alipofika nyumbani hakugusa chakula. Mama akaweka kijiko chini.

"Umeambiwa nini huko?"

"Nimeambiwa mimi ndiye ugonjwa."

"Baba watoto, ulikuwa hujui."

"Kuta zilikuwa zinaniambia," Baba akasema. "Kila mwaka zinaniambia. Mimi nikawa naziziba mdomo."

Wiki nzima hakwenda kazini. Timazi ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Mama alitembea ndani ya nyumba kama kuna mgonjwa. Siku ya nane Baba alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akaenda kwenye kikao cha kamati ya kanisa bila kualikwa, na mimi nikamfuata kwa sababu Mama alinisukuma mgongoni.

Mwenyekiti wa kamati ni mjomba wangu, kaka yake Mama, mtu wa juu hasa. Baba aliposema anataka kubandua simenti yote, ndani na nje, na kulirudishia kanisa chokaa, Mjomba alivua miwani.

"Shemeji, unataka kulivua kanisa nguo mbele za watu?"

"Nataka kulivua nguo mbichi."

"Na nani atafanya kazi hiyo?"

"Aliyelivisha."

"Una miaka sitini na minane."

"Simenti ina thelathini na saba," Baba akasema. "Mimi ndiye mkubwa wake."

Wajumbe wawili walicheka, lakini wengine hawakufurahi. Ule ukuta laini ulikuwa fahari ya kijiji. Walikuwa wameoa mbele yake na kuzika mbele yake. Mmoja akasema hata kama unalowa, angalau unapendeza. Ikaonekana jambo litakufa. Ndipo bibi mmoja mjane, mjumbe wa zamani kuliko wote, ambaye kwa kawaida husinzia vikao vyote, akafumbua macho akasema, "Mficha uchi hazai." Akayafumba tena. Mjomba akaandika kwamba kamati imekubali.

Kitu cha kwanza kilikuwa chokaa. Mtaalamu alisema izimwe mapema na ikae shimoni miezi mitatu isipungue. Mahali pekee penye udongo mzuri wa kuchimba shimo palikuwa bustani ya mboga ya Mama. Walizozana siku mbili, shimo likachimbwa. Lori likaleta mawe ya chokaa yaliyokwisha kuchomwa, meupe, mepesi, na Baba alipoyatumbukiza kwenye maji yakaanza kutokota bila moto, yakinguruma na kutoa mvuke, majirani wakaja kutazama wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Tangu siku hiyo, Baba akiamka alikwenda kwanza shimoni kukoroga kwa ubao, ndipo arudi ndani kusalimia. Mama akalipa shimo jina: mke mwenza.

"Nenda kamwangalie mke mwenza," alisema asubuhi. "Usiku kucha amekuwa akikuita."

"Ameiva vizuri," Baba alijibu akirudi. "Laini kama siagi."

"Mimi hujanisifia hivyo miaka thelathini."

Msimu wa kiangazi ulipoanza, Baba alisimamisha jukwaa na kuanza kubandua. Ilikuwa kazi ya tindo na nyundo, kipande kwa kipande, kwa sababu simenti ilikuwa imeshikamana na mawe na ukiivuta kwa nguvu inakuja na jiwe. Alifanya kama mtu anayembandua mtoto plasta. Kwa siku alikuwa akisafisha eneo lisilozidi mlango mmoja. Mama alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga mle ndani mpaka vumbi liishe. Siku ya tatu alimpelekea chai. Siku ya nne alikwenda na chekecheo lake, akajifunga kanga kichwani, akaanza kuchekecha mchanga, na hakukosa siku hata moja hadi kazi ilipoisha. Nami nilipotoka shuleni mchana nilikwenda na daftari na futi, kwa sababu Mtaalamu alikuwa ameniagiza: kila kitakachoonekana nyuma ya simenti nikipime, nikichore, nimpigie simu.

Nilidhani hakutakuwa na cha kuchora. Ukuta ni ukuta.

Wiki ya pili Baba aliniita. "Mwalimu," akasema, kwani tangu nianze kufundisha huniita hivyo akiwa na jambo la maana, "njoo uone hapa mikono imebadilika."

Sikuelewa. Akanishika kiganja akakipitisha ukutani. Chini mawe yalikuwa ya mviringo, ya ukubwa tofauti, ya mtoni na ya shambani, yameshikwa kwa udongo mwekundu. Juu ya hapo, ghafla, yakaanza mawe ya mraba yaliyochongwa, yameshikwa kwa chokaa. Mpaka wao ulikuwa mstari mmoja, juu kidogo ya kichwa changu, na tulipoendelea kubandua mstari ukaendelea nao, ukuta mzima, mpaka kona. Wiki mbili baadaye, kwenye ukuta wa mwisho wenye lango kuu, tukaona mistari mingine miwili, inapanda kutoka kushoto na kulia kwa mshazari. Nilimpigia Mtaalamu.

"Inakutana juu?" akauliza.

Nilimwuliza Baba. Baba alipanda akatazama. "Inakutana."

"Basi mmelipata paa la kwanza," akasema yule mama, na hata kwenye simu nilisikia kwamba anatabasamu.

Kumbe ndani ya kanisa letu lilikuwamo kanisa jingine, dogo, refu kama darasa langu na jembamba kuliko hilo, na kilele cha paa lake hakikufika hata juu ya madirisha ya sasa. Baba aligeuza karai akalikalia, akatazama yale mawe ya chini muda mrefu. Kisha akaanza kuyapima moja moja kwa mikono yake, anaweka viganja huku na huku.

"Hakuna hata moja kubwa kuliko mzigo wa kichwa," akasema. "Haya hayakuja kwa mkokoteni. Haya yamebebwa na watu, tena watu wachache."

Mama aliacha kuchekecha. "Na wanawake," akasema. "Mawe ya mtoni nani angeyapandisha? Waliokwenda kuteka maji."

Niliandika yote mawili.

Baada ya hapo kila wiki ilikuwa na lake. Kwenye ukuta wa kaskazini tulikuta mlango uliozibwa, boriti yake ya juu ingalipo, nyeusi, ngumu kama chuma. Mlango huo ulitazama njia ya mtoni. Kwa hiyo kanisa dogo lilikuwa la watu wa chini, na hapo ndipo walipoingilia. Mawe ya mraba ya juu yalikuwa ya machimbo yaliyo nyuma ya nyumba ya Mjomba, na alama za patasi zake ni zile zile za machimboni. Kwa hiyo watu wa juu ndio walioliinua. Dirisha moja tulikuta lilikuwa pana mara mbili. Fundi fulani alilifungua kupita kiasi, ukuta ukaanza kulegea juu yake, na fundi mwingine akaja kulijaza nusu kwa vipande vya vigae. Mahali pengine ukuta ulikuwa umeongezwa unene upande wa nje, kwa kuwa aliyetangulia alikuwa ameujenga mwembamba mno.

Na mnara. Ule mnara tuliousifu tangu utotoni haukuwa umefungamana na kanisa hata kidogo. Ulikuwa umeegemea tu, kuna ufa ulionyooka kati yao ambao rula yangu iliingia mpaka nusu. Ulijengwa mwisho, kwa masalia: mawe ya mtoni, mawe ya mraba, matofali, chochote kilichokuwepo. Baba alipanda juu kabisa, akateremsha timazi kwa kamba ndefu, nami chini nikapima. Mnara ulikuwa umeinama shubiri moja na vidole vitatu.

Nilipompigia kelele kile kipimo, nikasikia kicheko kutoka juu. Baba hakuwa amecheka tangu siku ile ya ngazi, na sasa alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Aliposhuka alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati, amejipaka vumbi uso mzima.

"Fundi wa mnara huu alikuwa na haraka kuliko mimi," akasema. Akakaa. Akacheka tena kidogo. "Mwenye dirisha alikosea. Mwenye ukuta mwembamba alikosea. Huyu naye amekosea shubiri nzima, na kengele inalia kila Jumapili. Kumbe tumekuwa wengi."

Jioni hiyo alikula sahani mbili. Na tangu hapo, mtu akimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa na jibu: "Mimi niliuziba ufa, ndiyo maana najenga ukuta."

Padri akaamua kwamba Jumapili moja watu wakae baada ya ibada waone kuta zikiwa tupu. Wengine walisikitika, kanisa lilikuwa limekonda, kama mtu aliyetoka hospitali. Nilisimama na daftari langu nikaeleza: hapa chini walijenga wa chini, hapa juu waliinua wa juu. Mzee mmoja wa chini akamgeukia Mjomba.

"Mmesikia? Tuliwatangulia."

"Mlitangulia kujenga banda," Mjomba akasema. "Kanisa tumejenga sisi."

"Juu ya mabega yetu."

"Na mnara?" mtu akauliza nyuma.

Wakatazamana. Tangu siku hiyo hakuna upande unaodai mnara.

Kabla hatujaanza kupaka chokaa ukuta wa kaskazini, mvua ilitutangulia. Ilikuwa mchana, wiki nne kabla ya wakati wake. Nilikuwa darasani nilipoona mawingu yakishuka kilimani, na nilijua, kama Baba alivyojua, kwamba ule udongo mwekundu unaoshika mawe ya chini upo wazi, na ukilowa utachuruzika wote. Nilifunga shule. Nilipofika nilimkuta Baba na Mama wanavuta turubai moja ambalo halikufunika hata robo ya ukuta. Mtu fulani aligonga kengele. Watu wakatoka mashambani na madukani wakibeba walichokuwa nacho: maturubai, mabati, mikeka, plastiki ya kuanikia nafaka. Hapakuwa na muda wa kufunga kamba, kwa hiyo tulisimama tukavishikilia kwa mikono juu ya vichwa vyetu, migongo ukutani, saa moja na nusu. Mjomba alikuwa amekuja na koti lake la vikao. Aliyesimama naye bega kwa bega, wakishika kona mbili za bati moja, alikuwa yule mzee wa chini.

"Inua upande wako," mzee akasema. "Maji yananiingia shingoni."

"Nikiinua yataniingia mimi."

"Si ndiyo namaanisha."

Mvua ilipokatika Baba alipita akipapasa ukuta mzima. Jiwe moja lilikuwa limelegea, karibu na mlango uliozibwa. Alilirudisha kwa mkono.

Chokaa tulipaka tabaka tatu, nyembamba, na kila moja ilibidi tuingoje ikauke kwa taratibu zake, tukiinyunyizia maji kama miche. Ndipo ukaja ugomvi wa mwisho, kati ya Baba na Mtaalamu, ambaye alikuja kuona kazi. Simenti ilikuwa bado haijabanduliwa katika vyumba vidogo vya nyuma tu, naye aliomba kipande chake kimoja kiachwe.

Baba alimtazama kama hakusikia. "Unataka kuitilia fremu aibu yangu?"

"Mzee, ukibandua yote, atakayekuja baada ya miaka mia atamsoma kila fundi kwenye kuta hizi, mpaka yule wa mnara. Wewe hatakuona."

"Asinione."

"Atadhani palikuwa na pengo. Atadhani kwa miaka arobaini hapakuwa na mtu aliyelijali kanisa hili. Si kweli. Ulilijali. Ulikosea, lakini ulilijali."

Baba alimgeukia Mama, ambaye alikuwa anaosha chekecheo.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi," Mama akasema bila kuinua kichwa, "naona lipu ile ilipigwa vizuri."

Baba mwenyewe alichagua mahali: chumba anachovalia padri, ukuta wa ndani ambao haugusi ardhi ya nje na haujawahi kulowa. Aliacha kipande cha upana wa meza, akakikata kingo zake kwa tindo zikanyooka kama kitabu. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja aliingia kanisani kila asubuhi kabla ya chai, akaweka kiganja ukutani sehemu sita, akatoka. Baada ya mwezi alileta benchi moja akalisogeza hadi ukutani, akakaa peke yake akaegemea, na Jumapili iliyofuata watu nao wakayasogeza yao.

Ripoti ya Mtaalamu ilitufikia mwaka jana. Ina kurasa arobaini na michoro, mingi ikiwa yangu iliyochorwa upya na mtu mwenye mkono mzuri. Baba ana miaka sabini na minne sasa, macho yamepungua, kwa hiyo alinitaka nimsomee kwa sauti, Mama akiwa amekaa kando anachambua mboga kutoka kwenye bustani yake, ambayo alirudishiwa. Nilisoma kanisa dogo, mlango, machimbo, mnara. Nilisoma mahali palipoandikwa kwamba simenti iliondolewa na mwashi yule yule aliyeipaka. Aliitikia kwa kichwa, sawa, endelea. Nilipofika kwenye mstari wa mawe, pakiwa pameandikwa kwamba uko mita moja na sentimita sabini na mbili kutoka sakafuni, akaniinulia mkono.

"Hapo si kweli. Ni sabini na nne."

"Baba, mimi ndiye niliyepima."

"Ulipima siku ile sakafu ina vumbi. Leta futi."

Tukaenda, sisi watatu, Mama akiwa na beseni lake la mboga kwa sababu alisema hatatumia asubuhi yake kutungoja. Chokaa imeufunika ule mstari sasa, lakini Baba hakuhitaji kuuona. Alipitisha vidole ukutani, akasimama mahali.

"Hapa," akasema. "Pima."

Nikapiga magoti, nikaweka futi.